Tunaomba Kuitwa Aai Tena: Risala ya Wazazi wa Osari

Mgeni rasmi, Bibi Usha Karandikar, mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa maktaba ya mtaa wetu;
Wazazi wenzetu;
Akina bibi mliotusindikiza huku mkitikisa vichwa;
Na ninyi watoto, shukeni kwenye hizo meza.

Sisi wazazi wa Kikundi cha Osari, tunaowafundisha watoto wetu nyumbani hapa Kothrud, Pune, tunakukaribisha kwa furaha, ingawa ni furaha iliyochoka. Shali ya kukuvika kwa heshima ipo. Nazi ya kumkabidhi mgeni nayo ipo, ila ni ya pili. Ya kwanza ilipasuliwa jana kwenye somo la sayansi bila mtu kuulizwa.

TULIKOANZIA

Mgeni rasmi, miaka minne iliyopita familia tano tuliwatoa watoto shule. Tulikaa kwenye baraza la Shalmali Pendse, ndiyo hiyo osari iliyotupa jina, tukanywa chai na kuapa kwamba watoto wetu hawatalia tena kwa ajili ya mitihani. Kweli, hawalii. Siku hizi tunalia sisi.

Leo tuko familia kumi na moja: akina mama kumi na baba mmoja, Nachiket Oak. Yeye akionekana sokoni na mwanawe hupongezwa na kila mtu. Sisi wengine huulizwa tutaanza kazi lini.

Tulijiwekea sheria moja. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, mtoto asimwite mama yake Aai, yaani Mama kwa Kimarathi. Amwite Bai, kama watoto wote wa Pune wanavyomwita mwalimu wao wa kike, na anyooshe mkono kabla ya kusema. Saa sita ikifika, Bai anakwenda zake, Aai anarudi. Nachiket aliitwa Guruji, jina la mwalimu wa kiume, akavimba kichwa wiki nzima. Tulijiona tumemaliza kila kitu.

MAFANIKIO

Yapo, na hatuyaonei haya. Watoto wanasoma Kimarathi, Kihindi na Kiingereza. Wanajua uzito wa nyangumi na umri wa mwezi. Mahali pa kuweka nguo chafu hawapajui mpaka leo.

CHANGAMOTO

Wenzangu walinishauri sehemu hii niisome haraka. Sitaisoma haraka.

Tumechoka, mgeni rasmi. Hatusemi uchovu wa kulala ukaamka mzima. Tunaamka nao. Asubuhi tunakanda unga huku tukiuliza jedwali la kuzidisha kwa saba. Halafu ni hesabu, vyombo, na ugomvi wa kifutio. Mtoto wa shule akimchosha mwalimu, kengele hulia na mwalimu akaenda chumba cha walimu. Chumba chetu cha walimu ni bafu, na hata huko wanagonga: "Bai, umemaliza? Pembetatu yangu imekataa!"

Na maneno ya watu hayaishi. Mama mkwe wa Shalmali humwambia kila jioni, "Wewe si unashinda nyumbani tu, mwanangu? Umechoshwa na nini?" Mlinzi wa jengo letu amekuwa akiniuliza kwa miaka miwili, "Tai, dada yangu, huyu mtoto bado hajapona?" Nimemweleza mara kumi kwamba mtoto haumwi. Juzi aliniletea dawa ya mizizi.

Tukilalamika tunaambiwa, "Mlijitakia wenyewe." Ni kweli, tulijitakia. Hata ndoa tulijitakia, na bado mtu huruhusiwa kwenda kwao wiki mbili akapumzike.

Mgeni rasmi, sasa naomba niache kusema "sisi" kidogo.

Mwezi uliopita, siku ya mvua kubwa, saa kumi jioni, nilikuwa jikoni nimeupa mlango mgongo. Masomo yalikwisha tangu saa sita. Nikasikia binti yangu Irawati, mwenye miaka saba, akisema taratibu, "Bai, naomba ruhusa."

Sikugeuka. Nilisema, "Subiri. Huoni Bai ana kazi?"

Akasubiri. Nilikaanga vitunguu mpaka vikawa vyekundu. Nilipogeuka, nilimkuta amesimama mlangoni, kidevu kimepasuka, damu imeshuka mpaka kwenye gauni. Alikuwa ameteleza ngazini. Mkono wake ulikuwa bado juu.

Nikamuuliza, "Ruhusa ya nini, mwanangu?"

Akasema, "Ya kulia."

Alishonwa nyuzi tano. Nilipowasimulia wenzangu nilidhani watanishangaa. Badala yake, mmoja mmoja wakakiri kwamba nao hawakumbuki ni lini waliitwa Aai mara ya mwisho. Nachiket alitoka nje, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

OMBI LETU

Hatuombi ushauri. Tumeshaambiwa tunywe maji mengi na tupumue kwa kina. Tunapumua.

Ukumbi wa juu wa maktaba yako hukaa umefungwa asubuhi. Walimu wastaafu unaowafahamu wanashinda kwenye madirisha yao wakikagua wapita njia. Tunaomba ukumbi huo na mmoja wao kwa asubuhi mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, saa tatu hadi saa sita. Tutafagia wenyewe. Tunachotaka ni mtu mwingine aitwe Bai, na jina hilo lisitoke nje ya ukumbi. Ile sheria yetu tuliifuta jana, lakini watoto bado wananyoosha mikono.

Saa sita tutakuwa chini ya ngazi zako. Hatutauliza wamejifunza nini. Tutasimama tu pale mpaka mmoja wao atuite.

Mungu wetu Ganpati akuondolee vikwazo njiani, akupe magoti ya kupanda ngazi zile, na jibu lako la ndiyo lije kabla hatujakukabidhi nazi, maana watoto wanaiangalia.

Ni sisi, wazazi wa Kikundi cha Osari, Kothrud, Pune.

Imesomwa kwa niaba yao na Ketaki Sabnis, Aai wa Irawati.