Norini ya Arusi

Kwenye treni ya chini ya ardhi, Tashkent, bibi mmoja alipakata sufuria ya norini, tambi na nyama ya farasi alizozikatakata jana kwa mikono yake. Binti mmoja, mfanyakazi wa maabara, aliyekaa kando yake akaliona jipu kidoleni mwa bibi. “Bibi, usiwalishe watu hiyo.”

“Nitaimwagia mchuzi unaochemka. Mdudu gani atapona?”

“Mdudu atakufa, bibi, ila sumu aliyokwisha kuitema haifi. Wadudu wa majipu kama hilo nawaotesha maabara kila siku: wanatoka rangi ya dhahabu! Ukiwatia kwenye maji ya damu ya sungura, yanaganda kama mtindi; ndivyo tunavyowatambua.”

“Subhanallah! Kidoleni kwangu?” Mimi, abiria wa kiti cha mbele yao, niliyekuwa nikimeza mate kwa hamu tangu kituo cha Chorsu, nikaacha.

“Na wageni wa arusi watakula nini?” bibi akafoka. Treni ikasimama. Akashuka na sufuria kifuani, kidole kile sasa amekiweka mbali na mfuniko.