Wilfred Mutashobya na Zana za Nanga

Ndugu waombolezaji, familia inawasomea maisha ya mzee wetu Wilfred Mutashobya kama yalivyokuwa, maana mwenyewe alimwagiza binti yake Jovina asifiche jambo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kanyigo, mkoani Kagera, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha akajifunza uchomeleaji Bukoba mjini, na mwaka 1984 akaja Dar es Salaam, akachomelea mageti Temeke kwa miaka tisa. Tarehe 6 Oktoba 1990 alifunga ndoa na Kokushubila, wakajaliwa binti huyo mmoja.

Mwaka 1993 alifungua duka la vifaa vya ufundi Mbagala, akawa wakala pekee wa zana za chapa ya Nanga, nyundo na tindo ambazo fundi aliweza kumrithisha mwanawe, hata watu wakalisahau jina la duka, wakasema tu kwa Nanga.

Mwaka 2015 kampuni kubwa ya nje ilikinunua kiwanda cha Nanga, alama ikabaki ileile, pakiti ikazidi kung'aa, lakini chuma kikabadilika, koleo zikapinda, nyundo zikachomoka mipini, na wateja wakaanza kuvuka barabara kwenda kwa Sadallah, aliyeuza chapa zisizo na jina, ila katika kila mzigo mpya alichukua zana, akaibana kwenye jiliwa na kuigonga mbele ya macho yao.

Wivu ukamla marehemu. Alikigeuza kiti chake kikatazama kule, akawa anahesabu vichwa vinavyoingia, chakula kikamshinda, akaeneza kwamba Sadallah ana mganga, na moyoni alijua fika kilichoharibika ni chuma.

Tarehe 11 Juni 2019 fundi Mbwana alikuwa akivuka kwenda kununua tindo, marehemu akamwita.

"Mbwana, leo unanipita mlangoni kama hunijui? Nanga ni Nanga tu, baba."

Mbwana akaona haya, akarudi, akanunua. Mchana huohuo, akivunja zege Kinyerezi, tindo ilimeguka, kipande kikamwingia jicho la kushoto, na jicho halikupona.

Marehemu alikwenda hospitali kumwona, akafunga duka siku tatu, akaziondoa zana zote za Nanga, kisha akavuka barabara.

"Sadallah, nilikuonea kijicho, na aliyeumia ni Mbwana."

"Mie nilikuonea wewe kabla," Sadallah akajibu. "Niliomba uwakala ule, wakakupa wewe. Nanga ilipoharibika, nilifurahi."

Tangu hapo waliagiza mzigo pamoja na kuujaribu pamoja, ingawa wivu haukumwisha marehemu, hata kitandani aliuliza leo nani kaingia kwa Sadallah.

Kisukari kilimpata mwaka 2021, figo zikafuata, akafariki tarehe 3 Februari 2025 alfajiri, akiwa na miaka 63.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mbagala, wafanyabiashara wenzake, na Mzee Sadallah aliyelifunga duka lake tangu msiba ulipotangazwa. Mbwana hakuwahi kusema amesamehe, wala hatukumuuliza, lakini jana alifika makaburini kabla yetu sote, akashika sururu, na alipoombwa apumzike alikataa mpaka kaburi likatimia.

Baba Jovina, lala sasa, upumzike kwa amani.