Nani Ameliona Yai la Kanada?

Jumamosi ile ya Juni 1930 benchi letu lilikuwa na sherehe. Siku nne nyuma Rais alikuwa ametia saini sheria ya kupandisha ushuru wa bidhaa za kigeni, na sisi wa Pell's Landing, mji mdogo wa Marekani kando ya mto, tulijiona tuna mkono wetu mle. Februari, theluji ikiwa imefika madirishani, tulimwandikia mbunge barua kwamba mayai ya Kanada yanatuua. Tulisaini wanabenchi watatu: Orville Tuttle, tunayemwita Seneta kwa sababu ameshindwa uchaguzi wa karani wa mji mara tatu, Anselm Kipp fundi saa, tunayemwita Dakika, na mimi Wembe, kinyozi, mwenye benchi, maana liko mlangoni pa duka langu. Tukaona barua ya mayai isiyo na mwenye kuku itachekwa, basi juu kabisa tukaweka, kwa mwandiko wangu, jina la Leota Marsh, mjane mwenye kuku mia tatu. Hatukumuuliza. Tuliona tunamfanyia hisani. Sasa gazeti lilikuwa limeichapa barua yenyewe, majina na yote, na Seneta alishaisoma kwa sauti mara nne kabla birika la kahawa halijafika nusu.

— Tuliomshikisha Rais kalamu ni sisi, akasema Seneta.

— Acha kujipaka mafuta, Orville, akasema Dakika. Rais hajui hata mto wetu uko wapi.

Seneta akatupa darasa. Rais alitaka kitu kidogo tu cha wakulima, maana aliwaahidi kwenye kampeni. Muswada ukaingia bungeni umekonda kama mgonjwa. Mbunge wa sukari akamwambia wa vioo, nipigie kura sukari yangu nami nitapigia vioo vyako. Wa vioo akaenda kwa wa viatu na maneno hayohayo. Muswada ulipotoka humo haukupita mlangoni kwa unene, hadi mipini ya miavuli imo. Rais akatae vipi? Chama ni chake, na Novemba wabunge wanarudi kuomba kura.

— Na wale wachumi elfu moja waliomsihi asisaini? nikauliza.

— Wachumi elfu wakikubaliana jambo moja, bwana, ujue kuna mtu kawalisha.

Dakika akacheka puani. Huyu mtu hupenda kungoja wenzake wachoke ndipo atoe lake.

— Nyie endeleeni na mayai. Hii sheria ni ya saa. Waswisi wametuuzia saa zinazochelewa dakika moja kwa siku, makusudi kabisa. Piga hesabu. Kila miaka minne, nchi nzima imebaki nyuma siku moja.

— Ikibaki nyuma inakuwaje?

— Tunaishi jana, Wembe. Wao wako leo. Na uchaguzi wa Rais ni kila baada ya miaka mingapi?

Seneta hakukubali kupitwa kwenye benchi alilolizoea.

— Sawa. Na zile kalamu sita za dhahabu ambazo gazeti linasema Rais alisaini nazo? Mtu ana jina moja, anasaini kwa kalamu sita, za nini? Moja ya sukari, moja ya viatu, moja ya vioo, moja ya saa zako hizo. Ya tano ya mayai. Ya sita haina wino, hiyo ni ya wachumi.

Nilikuwa nacheka bado tuliposikia gari la farasi. Kila Jumamosi Leota huvuka na kivuko asubuhi, hurudi mchana makasha yakiwa matupu, na akipita hutuachia kila mmoja yai la kuchemsha. Leo alirudi saa tatu asubuhi, na magurudumu yalikuwa yanalia kwa uzito.

Seneta akasimama, akavua kofia.

— Mama Leota, hongera. Mayai ya Kanada hayavuki tena.

Leota akashuka taratibu. Akatueleza kwamba hoteli ya ng'ambo, upande wa Kanada, iliyochukua mayai yake yote kwa miaka kumi na moja, imemwomba radhi na kumfungia mlango wa jikoni. Sisi tumepandisha ushuru wa mayai, na wao wamepandisha wa kwao ulingane na wetu. Mzigo wote umerudi.

— Niambieni basi. Hapa Pell's Landing, nani ameliona yai la Kanada?

Dakika akatazama saa yake. Seneta akatazama mto. Mimi nikashika birika nijifanye namimina, nalo lilikuwa tupu.

— Miaka yote hii, mayai yaliyokuwa yanavuka mto ni yangu, kwenda kwao, akasema Leota. Akatoa gazeti chini ya kiti cha gari. Afisa wa forodha kanipa hili. Kasema nisimlaumu, nimeyataka mwenyewe, jina langu ni la kwanza.

Seneta akaanza kusema kwamba mambo ya siasa ni marefu. Dakika akasema barua hupita mikono mingi. Leota hakubishana nao. Alifungua kitambaa akatupa mayai yetu matatu ya kuchemsha, kama Jumamosi zote, kisha akanigeukia mimi, maana vibao vyote vya mji huu ni mwandiko wangu.

— Niandikie kibao, Wembe. Mayai yanauzwa, bei yoyote. Jina langu liwe juu.

Nikaleta ubao na brashi. Nilipofika kwenye jina nikaweka brashi chini.

— Mama Leota, mara ya kwanza nililiandika bila kukuuliza.

— Najua, akasema. Leo nimekuomba. Andika.