Bakuli la Pili la Bi Sitara

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti ya redio kidogo. Leo tunamkumbuka Bi Sitara Seifu, muuza khanga wa Kariakoo, mkazi wa Mchafukoge, aliyetutoka Jumanne iliyopita akiwa na miaka hamsini na nane. Bi Sitara, mama wa mabakuli mawili.

Ghorofa ya juu yake anaishi Jacqueline, binti wa miaka kumi na tisa. Mama yake alishafariki. Baba yake, Mzee Melkiori, alipata kiharusi, akapooza upande mmoja. Kumwogesha, kumlisha, kumgeuza kitandani, yote yakawa ya Jacqueline. Peke yake.

Majirani hawakukosa. Walileta uji wa mgonjwa, wakauliza hali ya mgonjwa, wakamwombea mgonjwa, wakashuka ngazi. Bi Sitara naye alikuwa hivyo hivyo, miezi sita mizima, na hakuwahi kulificha. "Nilikuwa namkabidhi yule mtoto uji," alisema, "uso wake siuoni."

Siku moja Jacqueline alimfungulia mlango, gauni amelivaa kinyume. Bi Sitara akamtania, akamuuliza kama ndiyo fasheni mpya mjini. Binti hakucheka. Alisema taratibu, "Mama, natamani nilale nisiamke."

Bi Sitara hakumkemea, wala hakumwambia avumilie. Aliketi naye. Asubuhi yake hakufungua duka. Alimpeleka hospitali kuonana na mshauri, na binti yake wa kumzaa, Badria, akabaki na mzee.

Toka hapo, kila Alhamisi alipanda na mabakuli mawili: uji wa mgonjwa, na pilau ya anayeuguza. Haondoki mpaka la pili liishe. Kisha anamfukuza Jacqueline atoke akapunge upepo, yeye na mzee wabaki wakibishana mpira, yeye wa Jangwani, mzee wa Msimbazi.

Jacqueline akaanza kulala. Akaanza kucheka. "Nipo hai," anasema, "kwa sababu kuna mtu aliniuliza kama nimekula."

Mwaka huu Bi Sitara akaugua mwenyewe, Badria akamuuguza. Alhamisi ya kwanza mlango ukagongwa. Jacqueline, na mabakuli mawili. Bi Sitara akayatazama, akamwambia mwanawe, "La pili hilo lako. Kula, nikuone."

Pole, Badria. Poleni wanafamilia na majirani wote wa jengo lile. Mola amrehemu Bi Sitara, nasi tunashukuru kwa kuishi naye. Msikilizaji, ukienda kumjulia hali mgonjwa, kabla hujashuka ngazi, mtazame aliyekufungulia mlango. Muulize kama amekula.

Badria, leo ni Alhamisi. Jacqueline anashuka kwako na bakuli moja. Ni lako.