Tambi za Mgeni wa Kasimiri

Miaka ile ya reli ya Zambia, unga wa ngano ulipatikana kwa foleni na bahati, ndiyo maana wanywa kahawa wa Keko walihamishia benchi lao mbele ya karakana ya Kasimiri walipomwona kaupata. Fundi huyu wa samani, mtu wa Masasi asiye na maneno mengi, alikuwa ameukanda kwa mayai juu ya meza ya kurandia, akausukuma kwa mguu wa kiti usiopigwa vanishi, akaukata nyuzinyuzi kwa rula, kisha akazianika kwenye migongo ya viti vya kuuza. Alisema anangoja mgeni. Hakusema kwamba mgeni ni mkewe, Eufrazia, anayerudi jioni hiyo kutoka kumzika mama yake. Zamani Eufrazia alikuwa mpishi wa misheni, na chakula alichokipenda kuliko vyote ni tambi za nyama. Kasimiri alitaka mkewe akishuka kwenye basi asiende jikoni, akae, ale. Lakini Keko mwanamume akimpikia mke, anabandikwa jina la utani kabla chakula hakijaiva.

— Umeharibu unga, alisema Anselmo, mshona magodoro, ambaye walimwita Redio kwa sababu hazimiki. Tambi ni sukari, iliki na tui. Nyama inaingiaje humo?

— Mgeni wangu ndivyo anavyokulaga.

— Basi ni Mtaliano, aliamua Apolinari, karani wa bandarini, aliyejipa mwenyewe cheo cha Waziri. Mie nimewaona melini kwa macho yangu. Asubuhi tambi, jioni tambi.

— Mtaliano afuate nini Keko? Redio alipuliza kikombe chake. Huyo Mchina wa reli. Anataka viti vya mabehewa.

Kasimiri aliinamia sufuria. Alikuwa ameipondaponda nyama kwa panga, akaikaanga na vitunguu na saumu mpaka maji yakakauka, na sasa nyanya zilitokota taratibu juu ya makaa. Alionja. Uchachu ulikuwa bado haujaisha, akaziacha.

— Mabehewa yote mpaka Zambia? aliuliza Waziri.

— Yote. Hapo lazima tuunde ushirika. Mwenyekiti mie.

— Mwenyekiti ni mimi, nina Kiingereza.

— Mchina unamsemesha Kiingereza?

Waziri akasogea, akashusha sauti.

— Halafu huyu si Mchina wa kawaida. Wa kawaida angekula hotelini. Huyu ni mkubwa, anakuja kimyakimya kutazama kama tunafaa kuwa kijiji cha ujamaa cha mafundi. Akishiba tu, tunapewa trekta.

— La kulimia nini, misumari?

Mama mmoja mpita njia aliuliza kile kiti cha ukindu mweupe ni bei gani. Kasimiri akamwambia ukindu ule hauuzwi, ni chakula. Mama akaenda zake akigeuka nyuma.

— Kwa usalama wa taifa, alisema Waziri, akichota sukari kwenye kopo la muuza kahawa, tutie kidogo.

— Ukitia hiyo, Kasimiri alisema, mlangoni kwangu hukai tena.

Alikuwa hajawahi kusema hivyo kwa mtu. Waziri akarudisha sukari. Kasimiri akazitumbukiza tambi kwenye maji ya chumvi yanayochemka, zikazama, zikaibuka, akazichuja na kuzichanganya na mchuzi. Waziri akachomekea shati. Redio akafuta viatu kwa gazeti.

Ndipo Eufrazia alipotokea, kitambaa cheusi kichwani, furushi mkononi. Akavitazama viti, akaitazama sufuria, akawatazama wanaume waliosimama mstari.

— Hamjambo, mashemeji. Mnamngoja nani?

Redio alimtazama Waziri. Waziri akatazama barabara, upande ambao gari la mkubwa lilitarajiwa. Kasimiri angeweza kusema ni mteja, na yangeishia hapo. Akavuta kiti, akakipangusa kwa ncha ya shati.

— Wewe, alisema.

Redio akalificha nyuma gazeti la kufutia viatu.

— Pole na msiba, shemeji, Waziri alisema hatimaye. Karibu.

Eufrazia alikaa na furushi lake mapajani. Alikula sahani nzima, machozi yakimtoka na yeye hayafuti, halafu akanyoosha sahani aongezewe. Kasimiri alifurahi sana, hata hakukumbuka kujipakulia. Waliobaki walikula kwa zamu, kwa sababu kijiko kilikuwa kimoja.