Mama Mabano, Aliyetuchosha Miaka Thelathini na Moja

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja katika idara yetu ya programu, anastaafu mkaguzi mkuu, mama tunayemwita Mama Mabano. Ukweli usemwe: ametuchosha.

Aliingia kama mpiga chapa, akajifunza kuandika programu kwa kuchungulia mezani kwa wenzake, akapanda hadi kiti cha kukagua kazi za wote. Hapo ndipo tulipokoma. Ukiandika sharti la "kama" bila kufunga amri zake kwenye mabano, hata ikiwa ni amri moja, kazi inarudi. Ukisahau "vinginevyo", inarudi. Ukikanusha mara mbili katika sharti moja, anakuita ulisome kwa sauti, ofisi nzima ikisikia, mpaka ulimi wako wenyewe ukusute.

Mwaka juzi niliandika programu ya kengele ya hatari kwa mashine za kuwapasha joto watoto njiti. Wateja wameshakaa mapokezi, bosi anatembea huku na huko, Mama Mabano kagoma kutia saini. Alikuwa ameizungushia wino mwekundu alama moja ya sawasawa (=), mahali palipotakiwa mbili (==).

"Mama, ni alama moja tu!" nilifoka.

"Mbili zinauliza, mwanangu. Moja inaamuru," alijibu. "Hujaiuliza mashine kama mtoto yuko salama. Umeiambia yuko salama."

Nikabisha. Akachukua kipimajoto cha mashine ya majaribio iliyokuwa mezani, akakitumbukiza kwenye kikombe chake cha chai. Nambari zikapanda: arobaini, hamsini. Kengele kimya. Bosi akasimama. Mimi nilivuta kibodi.

Kurekebisha kulichukua dakika moja. Tangu siku hiyo, katika kila sharti natanguliza thamani isiyobadilika, kinachopimwa kinafuata, kama alivyotuimbia miaka yote: ukisahau alama moja, kompyuta yenyewe inagoma, maana thamani hiyo haipokei amri. Na kila kikomo nakijaribu kabla ya kukifikia, pale pale, na baada ya kukivuka. Mashine zile ziko wodini sasa, na zinalia zinapopaswa kulia.

Wiki iliyopita kanirudishia kazi mara nne. Mara nne! Mtu anayehesabu siku za kuondoka!

Asante, Mama Mabano, kwa ukaidi wako. Mumeo ametuambia bustani inakungoja, tunaihurumia miche. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na asubuhi nyingi zisizo na makosa ya watu wengine.