Barua Iliyomkalisha Bi Simama

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mganga Mkuu wa hospitali yetu. Wakuu wa idara, madaktari, wauguzi na wenzangu wa kitengo cha takwimu. Vijana mnaosomea uchambuzi wa data, mliojaa kule nyuma hadi madirishani. Shangazi yangu, uliyefunga duka siku ya kazi ili uje kunisikiliza. Na wewe, Karani Mkuu wa Masjala, unayestaafu leo baada ya miaka thelathini na mmoja, ambaye kiti chako cha mstari wa mbele kimewekewa ua lakini hakina mtu, kwa kuwa umekataa kukaa na umesimama pale mlangoni ukiwaonyesha wageni njia: itifaki imezingatiwa na wote, isipokuwa wewe.

Ndugu wageni waalikwa, wapo humu wanaodhani Karani wetu huyu alipewa jina la Bi Simama kwa ukali wake. Sivyo. Kila ombi la kazi linaloingia hospitali hii hupitia dirishani kwake, naye huyasoma yote akiwa amesimama, muhuri mkononi, miwani kwenye ncha ya pua. Ombi likimfanya avute kiti akae, huliwekea alama ndogo ya penseli kabla ya kulipeleka kwenye kamati. Asipokaa, linakwenda vilevile, maana utaratibu unataka yote yaende, ila halina alama. Sasa kamati yenye maombi mia nne mezani, semeni wenyewe, itaanza kusoma yapi?

Mimi sikumkalisha. Miaka tisa iliyopita nilikuwa na cheti kipya cha uchambuzi wa data, na nilikuwa nimetuma maombi arobaini na matatu bila kuitwa kwenye usaili hata mmoja. Hata kukataliwa sikukataliwa, kimya tu. Niliona aibu, na leo nasema wazi, niliona aibu hata kula chakula cha Shangazi. Nikamwahidi kwamba mwezi ukiisha sijaitwa popote, cheti nitakitia kabatini na nitakaa kwenye cherehani. Ndipo nikaja hapa kuchukua nakala za vyeti nilizoambatisha kwenye ombi langu, kwa sababu walioachwa hurudishiwa nakala zao.

Bi Simama alininyooshea bahasha, lakini hakuiachia.

"Binti, wewe ndiye uliyetaka kukuza benki yetu?"

"Benki gani, mama?"

"Hata mimi nilijiuliza."

Akanionyesha. Nilikuwa nimeandika kwamba nina shauku kubwa ya kuchangia ukuaji wa benki yenu. Barua moja nilikuwa naituma kila mahali, nabadilisha anwani tu, na safari hiyo hospitali ilipata barua ya benki.

Mnacheka, vijana? Chekeni taratibu, maana yaliyofuata yanawahusu.

"Na hizi nyumba," akasema, "mbona siku hizi kila anayeomba kazi ya data anauza nyumba? Wiki hii peke yake nimepokea kumi na saba. Mji ule ule, bei zile zile!"

Ni kweli. Zoezi la mwisho la mafunzo yetu lilikuwa kukadiria bei za nyumba za mji fulani wa mbali, na darasa zima tuliliambatisha kama kazi ya kujivunia. Mji wenyewe sijaukanyaga hadi leo.

Nilimwomba anisaidie, kwa kuwa nilijua kamati inamheshimu. Je, aliinua simu? Thubutu!

"Kazi ya kugawa sina, na ningekuwa nayo nisingekupa kwa machozi. Nitakuambia tu kwa nini sikukaa. Umeniandikia programu kumi na moja unazozijua. Hujaniandikia jambo hata moja ulilolijua kwa kuzitumia. Nyumbani kwenu kuna kitu gani kinachoandikwa kila siku?"

"Daftari za Shangazi. Ni fundi nguo."

"Haya. Kaziulize hizo daftari swali linalomnyima raha Shangazi yako."

Swali lilijulikana mtaa mzima: kwa nini nguo zinachelewa? Shangazi alikuwa na jibu lake, kwamba mama wa cherehani ya pili ni mzembe. Nikaketi na daftari wiki mbili, nikaingiza kwenye kompyuta ya maktaba nguo mia tatu na kumi na mbili, siku iliyoahidiwa na siku ilipokuwa tayari. Nguo isiyo na zipu ilichelewa siku moja. Yenye zipu, siku sita! Zipu zilikuwa zinanunuliwa Jumamosi tu, na nguo zilitundikwa zikingoja Jumamosi.

"Yaani miaka yote hii namgombeza mama wa watu," Shangazi akasema, "kumbe zipu?" Kesho yake akanunua boksi zima, na akamwomba mwenzake radhi mbele ya wateja. Usinikatalie kwa kichwa, Shangazi, nilikuwepo.

Hospitali ilipotangaza nafasi nyingine, mwezi ulikuwa umebakiza siku nne. Niliandika ukurasa mmoja. Nilianza na zipu. Programu nilizitaja mbili tu, zile nilizozitumia, nikaeleza kila moja ilifanya nini. Tangazo lilisema majibu ya maabara yanachelewa. Nikaandika ningependa kujua yanakwama kwenye meza ipi. Kisha nikaipeleka mwenyewe, nikajibanza kando ya dirisha.

Alisoma amesimama. Alifika mahali nilipokiri kwamba nguo arobaini zaidi hazikuwa na tarehe, nikaziweka kando, na nikaeleza kwa nini. Hapo akapapasa nyuma yake bila kuondoa macho kwenye karatasi, akavuta kiti, akakaa.

Niliitwa kwenye usaili, nikawa wa pili. Lakini barua ile, niliyoiandika upya kwa kila mahali, ilinifanya niitwe mara nne zaidi ndani ya miezi miwili, na mara ya mwisho ilikuwa hapa hapa. Wajumbe waliniuliza habari za zipu mpaka wakasahau muda, na kazi nikaipata.

Ndugu zangu, nani alimtuma mama huyu? Kazi yake ilikuwa kupiga muhuri na kurudisha bahasha. Angeniachia ile bahasha siku ile, nani angemlaumu? Aliishikilia. Na nimeulizia masjala: hakuwa ananishikia mimi peke yangu. Kwa miaka thelathini na mmoja amewaambia watu ukweli usiopendeza kwa sauti ya chini, ili wa nyuma kwenye foleni wasisikie. Ninampenda kwa hilo, na sikuwahi kumwambia.

Hotuba hii nimeiandika mara tatu, Bi Simama, nikimfikiria msomaji mmoja tu. Tangu nianze nakutazama hapo mlangoni, umejishikilia kwenye fremu. Naona sasa umepapasa nyuma, na muuguzi amekusogezea kiti.

Umekaa.

Basi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sina la kuongeza. Nawashukuruni nyote kwa kunisikiliza.